Baridi Isiyo na Upepo

Riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001, inaanza na tarehe. Saleh Omar, mzee wa Kizanzibari, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, tarehe 23 Novemba, mchana ukiwa unaisha. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine. Kwenye begi lake kuna kasha dogo la udi. Kuhusu kasha lile watu wameandika sana, na wana haki, maana ndilo analonyang'anywa na afisa uhamiaji palepale uwanjani. Mimi nataka kuanza na tarehe.

Tarehe 23 Novemba ni nini kwa mtu wa Unguja? Vuli bado haijakatika vizuri. Baharini tanga mbili inakwisha: ule upepo uliokuwa haujui uelekee wapi umeanza kushika upande mmoja, na upande huo ni kaskazi. Enzi za majahazi, baada ya wiki chache tu watu wa bandarini wangeanza kuona tanga za kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Wageni wanakuja. Tende, mazulia, samaki wa chumvi, udi. Msimu umeingia, kama walivyosema wazee, na neno lenyewe msimu tumelipokea kutoka kwa Waarabu hao hao pamoja na mzigo wao.

Sasa mtazame tena Saleh Omar. Amefika wakati ule ule wa mwaka ambao wageni wenye udi hufika. Mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mgeni ni yeye, pwani ni ya watu wengine, na upepo haupo. Nadhani sehemu kubwa ya riwaya imejengwa juu ya jambo hilo: kalenda mbili zimewekwa moja juu ya nyingine, na mzee wa watu ameanguka katikati yake.

Lakini ili kuliona hilo kwa Kiswahili inabidi kwanza tugombane na kamusi.

Kwenye chumba cha habari shida hii tunaipata kila mwaka. Inaingia habari ya shirika la nje: theluji imefunga barabara huko Ulaya, au klabu ya Uingereza inasaka mshambuliaji. Mmoja ataandika "majira ya baridi". Mwingine ataandika "kipupwe". Wa tatu, yule wa michezo, atakwepa kesi yote aandike "dirisha dogo" na maisha yaendelee. Huyu wa tatu namheshimu. Angalau hajamdanganya mtu.

Kwa sababu kipupwe, jamani, ni Juni mpaka Agosti. Masika yamekatika, kusi inavuma, alfajiri unatafuta shuka la pili, na chai ya tangawizi inakuwa na maana. Watu wa Njombe na Makete wanatucheka tukiita hiyo baridi, maana kwao miezi hiyo jalidi inaunguza viazi shambani. Lakini hata jalidi ya Makete ni ya Juni na Julai. Ukiandika kipupwe kwa Januari ya London, umempindulia msomaji mwaka mzima juu chini na hujamwambia. Na kiangazi ni hivyo hivyo. Chetu cha pwani kinapiga Desemba hadi Februari, halafu mwezi Julai tunasoma gazetini kwamba klabu za Ulaya zimo kwenye "usajili wa kiangazi", tukiwa tumevaa masweta.

Majina ya misimu yana tabia ya kusafiri na kupotea njia. Nairuzi kwa Waajemi ni sikukuu ya kuingia majira ya kuchipua, mwezi Machi. Kwetu ilikuja na mwaka wa siku 365 usioongezwa siku kila baada ya miaka minne, ikateleza polepole karne kwa karne, na leo Makunduchi wanakoga mwaka Julai, kipupwe kikiwa katikati. Hakuna aliyekosea. Sikukuu imehamia tu.

Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, walikutana na mtego huo huo wakafanya jambo ambalo bado linanifurahisha. Katika Mwanzo sura ya 8, gharika imekwisha, Mungu anamwahidi Nuhu kwamba majira hayatakoma tena. Pale ambapo Biblia za Ulaya zina joto la mwaka na baridi ya mwaka, wao waliweka kaskazi na kusi. Kwa mtu wa hali ya hewa hiyo ni tafsiri ya kukuna kichwa. Kwa mtu wa bahari iko sawa kabisa. Anayeahidiwa ametoka chomboni sasa hivi. Ungemwahidi nini zaidi ya kwamba pepo zitaendelea kupokezana?

Na watoto wa chuo wala hawakumngoja mfasiri. Sura ya Quraysh ni fupi, mtoto wa miaka 6 wa Lamu au wa Mkunazini anaihifadhi, na ndani yake mna safari ya shitaa na safari ya swaifu. Ni misafara ya Makureshi: wakati wa baridi kwenda Yemen, wakati wa joto kwenda Sham, ndivyo wanavyoeleza wafasiri. Kwa hiyo neno la Kiarabu la ule msimu tunaoutafutia jina lilikuwa midomoni mwetu siku zote, kabla ya shule, kabla ya kamusi. Ila shitaa hiyo haina theluji. Ni wakati wa kufunga mizigo na kuondoka.

Kuna kitu walimu wa jiografia walikisema haraka haraka tukiwa tunaangalia saa. Kaskazi yenyewe ni mtoto wa baridi. Ikifika Desemba, bara la Asia linapoa sana, hewa yake inakuwa nzito, inasukumwa kutoka nchi kavu kwenda baharini, na mkondo wake mmoja unakata Bahari ya Arabuni kushuka mpaka kwetu. Njiani inapita juu ya maji ya uvuguvugu, na inapofika Mombasa au Unguja ni upepo wa miezi yetu ya jasho. Kusi ni kinyume chake: Asia inapochemka, inavuta hewa kutoka huku kusini, na sisi tunapata kipupwe. Maana yake ni kwamba watu wa pwani waliishi kwa baridi ya watu wengine kwa karne nyingi bila kuiona hata mara moja. Iliwafikia ikiwa na tanga, na wageni, na lugha. Hata dira yetu imetoka humo: kaskazini ni huko kaskazi inakotoka, kusini ni huko kusi inakotoka. Saleh Omar anaposafiri kwenda kaskazini anakwenda, kwa Kiswahili cha neno lenyewe, kwenye chimbuko la upepo uliomlea.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa Gurnah, kwa sababu upepo huo anaujua na haupambi. Wapo wanaoiandika Bahari ya Hindi kana kwamba ilikuwa harusi ndefu, manukato na viungo, wakasahau kuwa upepo uliosukuma chombo cha tende ndio uliosukuma chombo cha watumwa. Kwenye By the Sea upepo wa msimu unamleta Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain, miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Ni mtu mwenye ulimi mtamu. Saleh Omar, muuza samani wakati huo, anavutwa naye, na ule udi wa kwenye kasha umetoka kwake. Hussein anakopa fedha, anaacha dhamana karatasi ya nyumba ambayo si yake tangu asili, nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud. Halafu upepo unageuka na yeye anaondoka nao. Hassan, mtoto mkubwa wa Rajab, anamfuata. Deni linabaki pwani. Nyumba inabadilisha mikono, familia mbili zinachukiana, na baada ya mapinduzi chuki hiyo inapata serikali ya kuitumia: Saleh Omar anakula jela miaka. Akija kukimbia uzeeni, jina analoliweka kwenye pasipoti ni la huyo huyo Rajab Shaaban.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba riwaya hii inalinganisha joto la nyumbani na ubaridi wa ugenini. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na inanichosha. Msimu wa nyumbani ndio ulioleta balaa. Tofauti iko kwingine. Balaa la Hussein lilikuwa na tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka, watu walilijua kwa jina na kwa sura, na walikaa nalo sebuleni. Kevin Edelman, yule afisa wa Gatwick, hana msimu. Yupo tu mlangoni, Januari na Julai, na kasha analichukua bila hata kupatana bei.

Najua Uingereza ina upepo, tena wa kung'oa mabati. Ninaposema baridi isiyo na upepo nina maana ya upepo wenye miadi.

Turudi kwenye ule mchana unaoisha. Mwisho wa Novemba pale Gatwick jua linazama karibu saa kumi jioni. Mfasiri wa Kiswahili ataiita saa hiyo nini? Alasiri? Kwetu alasiri jua bado lina nguvu, watu wanaamka kutoka kulala, muuza kahawa ndiyo kwanza anachochea makaa. Kule saa hiyo ni magharibi, na Mwislamu wa London anayetazama ratiba ya sala anaiona alasiri imeshapita zamani, imebanwa karibu na adhuhuri kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Neno lolote atakaloweka mfasiri litasema uongo upande mmoja. Akiweka alasiri, msomaji wa Tanga ataona mwanga. Akiweka magharibi, ataona saa kumi na mbili.

Hili nalitazama kwa uzito kuliko suala la theluji. Theluji tunalo neno, barafu tunalo, yote mawili yameletwa na majahazi na hayana mgogoro. Saa ndiyo inayovunjika. Saa ya Kiswahili imefungwa kwenye jua: kumekucha, hesabu inaanza, saa moja ni saa moja tangu mwanga. Unguja inaweza kufanya hivyo kwa sababu tofauti kati ya siku yake ndefu na siku yake fupi haifiki saa nzima. London mwezi Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi. Pale "saa moja" ni namba tu, haina jua nyuma yake. Jamaa yangu aliyeko Leicester alinitumia ujumbe wa sauti mwaka juzi, ndio kwanza amefika: "Huku winta hata saa zinadanganya." Sijasoma maelezo bora zaidi kwenye kitabu.

Na amesema winta. Hakusema majira ya baridi, wala kipupwe. Waswahili wengi wa huko wanasema winta na sama, na mimi naona wako sahihi. Majira ya baridi ni lugha ya taarifa ya habari, nzuri kwa Olimpiki, haina jasho la mtu ndani yake. Winta ina koti, bili ya umeme na basi lililochelewa. Ningemwachia Latif Mahmud wa kwenye riwaya aseme winta bila haya. Saleh Omar hapana. Yeye ni mzee wa miaka 60 na kitu, wa chuo na wa mazulia ya Kiajemi, mwenye masikio makali kwa asili ya maneno. Kuna sehemu anatueleza kwamba "qamari" ya udi wake haitokani na mwezi bali na nchi ya Wakhmer. Mtu kama huyo angeikumbuka shitaa ya chuoni. Ningependa siku moja kuona mfasiri jasiri akiijaribu, mara moja tu, mahali pamoja, bila tanbihi.

Ida Hadjivayanis alipoigeuza Paradise kuwa Peponi, mwaka 2022, alikuwa na kazi pevu, na aliifanya kwa Kiswahili kinachotembea chenyewe. Lakini misimu ya riwaya ile ni ya kwetu, vumbi ni la kwetu, mvua ni za kwetu. By the Sea ni mtihani wa aina nyingine, kwa sababu mfasiri anarudisha nyumbani kitabu ambacho nusu yake imeandikwa kwenye saa isiyo na jua.

Ukitafuta kwenye riwaya hii kurasa za mandhari ya theluji, utatoka mikono mitupu, na mimi naona hilo ni la kumsifu mwandishi. Baridi yake iko ndani ya vitu. Iko kwenye nyumba ya wageni ya Celia, ambako Saleh Omar anapelekwa baada ya kuzuiliwa: makorokoro kila kona, vumbi, matandiko yanayomtia kinyaa. Kumbuka huyu ni muuza samani. Mti mzuri anaujua kwa kuugusa. Amekaa maisha yake yote akisafisha, akipaka mafuta, akipanga, halafu uzeeni anawekwa kwenye chumba ambacho kila kitu ndani yake kimeachwa kichakae. Na madirisha yamefungwa. Nyumba ya Unguja hujengwa kungojea upepo, dari juu, ua katikati. Nyumba ya nchi ya baridi hujengwa kuuzuia. Sina ugomvi na mafundi wao, nao wana sababu zao za kufa na kupona. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kupokea mwaka kwa kupitia dirishani akifungiwa dirisha amepoteza kalenda.

Mzanzibari mwingine aliwahi kuandika kutoka upande huo miaka mingi kabla. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alitoroka Unguja Agosti 1866, mwaka uliofuata akaolewa na Mjerumani na kufika Hamburg akiwa Emily Ruete. Mumewe alikufa 1870. Kumbukumbu zake zilitoka 1886, lakini kitabu chake ninachokipenda ni zile barua alizoziandika kwa Kijerumani kana kwamba zinakwenda kwa rafiki aliyebaki nyumbani, zilizochapishwa baada ya yeye kufariki. Humo giza, baridi na upweke vinarudi na kurudi. Salme anaiandika winta kama adhabu: kuna dhambi ya kuondoka, kuna Mungu, kuna mwanamke anayehesabu alichopoteza. Gurnah anaiandika kama ofisi. Watu hawana chuki na wewe, faili lako linashughulikiwa. Nikilazimishwa kusema ipi inaniumiza zaidi, ni ya Gurnah, maana kwenye adhabu bado kuna anayekujua kwa jina lako.

Sehemu ya Latif haifikii kiwango hicho, kwa maoni yangu. Miaka ya 60 anapelekwa Ujerumani Mashariki kusomea meno, na baridi ya huko kwenye hosteli ya wanafunzi ni baridi ya kila mwanafunzi wa Kiafrika aliyepelekwa kambi ile, tumeisikia kwa wajomba zetu wote waliorudi na shahada na makoti mazito yasiyovalika Dar. Kinachoiokoa ni Elleke, yule mama wa Dresden aliyewahi kuishi Kenya kabla ya vita, anayekumbuka nchi yetu kwa mchanganyiko wa mapenzi na aibu. Akizungumza yeye, kurasa zinapata moto. Akiondoka, Gurnah anaanza kuharakisha, na msomaji anahisi mwandishi anataka kumrudisha Latif Uingereza ili akutane na mzee.

Na wanapokutana ndipo ninapoiona tena kalenda ya kwanza. Majahazi ya kaskazi yakishashusha mzigo hayakuweza kuondoka siku iliyofuata. Yalingoja upepo ugeuke, Aprili huko, na wenye nayo waliishi pwani kwa wiki na miezi. Walipanga vyumba, wakakopeshana, wakaoa, wakagombana, na usiku wakasimuliana, kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda. Hussein alikuwa mmoja wao, na hadithi zilikuwa nusu ya mtaji wake. Latif, mtoto mdogo wa Rajab Shaaban, anakuja kwenye nyumba ya mtu aliyelelewa kumchukia, na ambaye anatumia jina la baba yake. Wanakaa ndani. Mmoja anasimulia, mwingine anapinga, anaondoka, anarudi tena siku nyingine. Wanaipitia hesabu yote: karatasi ya nyumba, kile kilichompata Hassan, nani alisaini nini, nani alinyamaza. Wanafanya hivyo kwenye mji mdogo wa Kiingereza kando ya bahari ambayo hakuna chombo kitakachoivuka kuja kuwachukua.

Kasha la udi lenyewe halirudi. Liko kwa Kevin Edelman.